Risala ya akina mama wa likelemba (chama cha kuchangiana fedha kwa zamu) ya Katuba kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi, tarehe 8 Machi

Mama Mgeni Rasmi, wazee wetu wa mtaa, ndugu na majirani, karibuni Katuba. Tunakushukuru, Mama, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya plastiki.

Sisi ni wauza unga, wauza makala (mkaa), washonaji, na mwalimu mmoja ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika risala hii. Kila tarehe 8 Machi tunavaa kitenge cha sare, tunaimba, tunakula bukari, ndiyo ugali. Hatulalamiki, kitenge chenyewe kinapendeza. Lakini siku hii haikuanza na kitenge. Mwaka 1917, tarehe kama ya leo, wanawake wa viwanda vya nguo mjini Petrograd, Urusi, waliacha mashine wakaingia barabarani kudai mkate. Juma moja baadaye mfalme wao alikuwa ameachia kiti.

Nasi tuna mgomo wetu. Desemba 1941 Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na shaba ya hapa Katanga ilihitajika vitani. Kazi ikaongezeka, bei zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi Wazungu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walikuwa wamegoma kabla. Mwafrika hakuruhusiwa hata kuunda chama cha wafanyakazi. Hata hivyo mgomo ulishika Jadotville, ndiyo Likasi, ukafika hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Tarehe 9 wagomaji walijaa uwanja wa mpira, msemaji wao akiwa karani Léonard Mpoyi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni. Watu wakakataa kutawanyika bila jibu. Mpoyi alipigwa risasi akafa, na umati ukamiminiwa risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: wengine hutaja makumi, wengine zaidi ya mia.

Mama Mgeni Rasmi, habari hii ikisimuliwa husimuliwa ya wanaume watupu. Sisi tunauliza: nani alikuwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi? Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilipenda mfanyakazi akae na mkewe, maana mwenye familia hatoroki upesi. Mke alipika, alilima, alilea watoto ambao kesho wangeingia kazi ileile. Kwenye daftari la mshahara hakuwamo. Mume akigoma, posho ikikatwa, chungu kinachokauka ni cha mke. Mzee wetu kuliko wote hapa alisimuliwa na mama yake jinsi askari walivyopita nyumba kwa nyumba baada ya siku ile, na mama huyo akazika kitabu cha kazi cha mumewe ndani ya gunia la unga, akaendelea kupepeta juu yake huku wakimtazama. Huyo naye, kwa maoni yetu, aligoma.

Tumemkumbuka pia Andrée Blouin, mzaliwa wa Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mtoto wake René alikufa kwa malaria akiwa na miaka miwili, kwa sababu kwinini, dawa ya malaria, ilikuwa ya Wazungu na mtoto huyo alikuwa na damu ya Kiafrika. Mwaka 1960 mama huyo alizunguka Kongo akiwaunganisha wanawake katika siasa za uhuru, kisha akafanya kazi na Lumumba. Wasichana wetu wa sekondari wanamjua Lumumba. Huyu mama hawajamsikia.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, utusaidie kupata kinasa sauti na chumba kimoja cha shule siku za Jumamosi, tuwarekodi wazee wa makambi wangali hai; wanapungua. Pili, pawekwe kibao cha kumbukumbu ya mwaka 1941 chenye kutaja na wake wa wafanyakazi. Tatu, na hili msicheke, tunaomba risiti. Vijana hupita sokoni kila asubuhi wakitoza kodi bila karatasi, na ukiuliza wanamwaga unga wako chini. Tumekubaliana sote: kuanzia mwezi ujao, bila risiti hatulipi. Tumeona vema, Mama, ulisikie kwetu kabla hujalisikia kwao.

Tunaomba kuwasilisha.