Baada ya tetemeko, tuulize pia watu wanapitaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalosahauliwa kila zinapoandikwa habari za tetemeko la ardhi. Siku za mwanzo tunasoma idadi ya waliofariki na ya majengo yaliyoanguka, kisha kimya kinatanda hadi siku ya kuzindua daraja jipya. Kati ya siku hizo mbili kuna miezi, pengine miaka, ambayo mfanyakazi, mwanafunzi na mgonjwa anayekwenda kliniki hulazimika kukatiza kila siku katika jiji lililobomoka, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza wanapitaje.

Hatari ya safari hiyo ilionekana Christchurch, nchini New Zealand. Jiji hilo lilikuwa bado linajikongoja baada ya tetemeko la Septemba 2010 pale lilipopigwa tena tarehe 22 Februari 2011, saa 6:51 mchana, na watu 185 wakafariki. Katika mtaa wa Colombo, kuta za mbele za majengo ambayo tayari yalikuwa yameathiriwa na mitetemeko ya awali ziliangukia basi na watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara. Waliokufa pale walikuwa katika shughuli zao za kawaida, wakipita mahali palipokuwa wazi kwa umma. Habari hiyo hainitoki moyoni. Ukuta wenye ufa haumdhuru mwenye jengo peke yake, na kama hauwezi kubomolewa mapema, basi uzio uwekwe mbali kiasi kwamba ukianguka usimfikie mtu, hata ikibidi kufunga nusu ya barabara na kuwaudhi wenye magari.

Kuhusu usafiri wenyewe, mfano unaonifundisha zaidi ni wa Kobe, nchini Japani, iliyotikiswa saa 11:46 alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995. Watu zaidi ya 6,400 walipoteza maisha. Picha ya barabara ya juu ya Hanshin iliyolala ubavu ilienea dunia nzima, lakini kwa mkazi wa kawaida pigo kubwa lilikuwa kukatika kwa reli zilizounganisha jiji hilo na Osaka. Mafundi hawakungoja kazi yote ikamilike: kila kipande kilichotengemaa kilifunguliwa, na pale reli ilipoishia abiria walishuka, wakapanda mabasi ya muda hadi kituo ambako treni ilianza tena. Reli ya kwanza iliunganika tarehe 1 Aprili na nyingine mbili mwezi Juni, ilhali barabara ile ya juu ilikamilika Septemba 1996. Laiti wasafiri wangeambiwa wasubiri barabara, wangesubiri mwaka mzima na zaidi.

San Francisco nako, baada ya tetemeko la Oktoba 1989, daraja la Bay Bridge, linalovuka ghuba ya jiji hilo, lilifungwa kwa takriban mwezi mmoja, na watu wakavushwa kwa vivuko na kwa treni zipitazo chini ya ghuba, ambazo zilifanya kazi usiku kucha.

Ninachowasihi wahusika wa mipango ya maafa ni kwamba safari ya abiria na ya mwenda kwa miguu ipangwe tangu wiki ya kwanza. Basi la muda halisaidii likikwama katika foleni moja na malori ya kifusi. Litengewe njia yake. Kituo kikihamishwa, tangazo libandikwe kwenye kituo cha zamani, kwa sababu ndipo mzee asiye na simu atakaposimama akisubiri.

Nawe, Mhariri, ukituma mwandishi katika jiji la namna hiyo miezi sita baada ya tetemeko, mwombe apande basi asubuhi pamoja na wanaokwenda kazini, atuandikie ametumia muda gani na ameteremka mara ngapi njiani.

Msomaji wako