Ukiuliza bei ya baiskeli ya umeme, uliza na bei ya betri yake

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, manake hili jambo nakutana nalo kila wiki hapa kijiweni kwangu Mbagala. Mi ni fundi baiskeli, na siku hizi katikati ya zile Phoenix za wazee na baiskeli za watoto zimeanza kuingia hizi za umeme, na karibu kila anayeniletea anakuja na swali ambalo angeuliza kabla hajalipa lingemsaidia, ila anakuja nalo hela ishatoka. "Fundi, mbona waliniambia inatembea kilomita 60 na hii inafia njiani?"

Kwanza niseme sizungumzii bodaboda za umeme zile za kubadilishana betri kama za Kigali au Nairobi, zile ni biashara nyingine, betri sio yako, unafika kituoni unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa. Nazungumzia mtu wa kawaida, mlinzi, mwalimu, dada wa saluni, fundi cherehani, anayetaka baiskeli ya umeme ya kwanza maishani mwake ya kwendea kazini aachane na kugombania daladala, na mfukoni ana hela ya kuhesabu. Huyo ndo anaumia.

Na hesabu ya kwamba inalipa ni kweli kabisa, sibishi. Daladala safari isiyozidi kilomita 10 LATRA, wale wanaopanga nauli, waliipeleka shilingi 600 tangu Desemba 2023, kwenda na kurudi hapo ushamaliza 1,200 na bado kuna watu wanaunganisha magari mawili. Umeme je? Betri nyingi za baiskeli hizi za bei ya chini ni volti 48 na ampea-saa 12, zidisha unapata wati-saa 576, na uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000, yani hapo ni zaidi kidogo ya nusu uniti, weka na unaopotea kwenye chaja sema uniti 0.7. Uniti ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida inacheza kwenye 357, kwa hiyo kujaza betri kutoka sifuri ni kama shilingi 250. Mia mbili na hamsini! Maji ya kunywa hayo. Kwa hiyo kama kuna mpangaji mwenzako kwenye nyumba mnayochangia mita moja ya umeme anakununia kila ukichomeka chaja, mwonyeshe hii hesabu, au nunua mita ndogo ya kupimia uweke kwenye soketi yako mlipane kwa haki, nimeona nyumba watu hawasalimiani kwa sababu ya chaja ya baiskeli wakati ndani kuna mtu anapasha pasi kila asubuhi. Ila angalieni, nyumba inayolipa ile bei ya chini ya watumiaji wadogo, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ukichaji usiku 20 unaongeza uniti kama 14, mnaweza kuvuka hapo mkaanza kulia wote.

Sasa twende kwenye betri, manake ndo barua yenyewe.

Baiskeli ya umeme ya bei rahisi ni rahisi kwa sababu ya betri, hakuna muujiza mwingine. Mota za kwenye gurudumu hazipishani sana bei, fremu ni chuma tu, taa na honi ni vitu vidogo. Kinachofanya moja iuzwe, tuseme, laki nane na nyingine inayofanana nayo kabisa iuzwe milioni na laki tatu ni kwamba ya kwanza ina betri kavu za asidi na ya pili ina lithiamu. Na muuzaji hakwambii! Anakuonyesha spika ya bluetooth. Mteja naye anazunguka zunguka, anabonyeza honi, anauliza kama kuna nyekundu.

Mwambie afungue boksi la betri. Kama ndani kuna betri nne nyeusi zimepangwa zimeungwa kwa waya, nzito, na ubavuni zimeandikwa 6-DZM-12 au 6-DZF-12, hizo ni za asidi, haijalishi nje wamebandika stika gani. Betri nne hizo peke yake ni kama kilo 16. Ya lithiamu yenye nguvu ileile ni boksi moja la kilo tatu nne hivi, unalichomoa kwa ufunguo unapanda nalo chumbani. Ukiishi ghorofa ya tatu hapo huhitaji mtu wa kukushauri.

Asidi sio mbaya, nisieleweke vibaya, ina faida yake, fundi yeyote wa betri anaijua na ukiichoka kuna wanunuzi wa chuma chakavu wanaichukua. Ubaya wake ni kwamba haipendi kukaushwa. Ukiishusha hadi mwisho kila siku unaizika mapema, inataka utumie kama nusu yake uirudishe kwenye chaji, na hata ukiitunza vizuri unaongelea chaji 300 hivi kabla haijaanza kuchoka, wakati lithiamu ya kawaida inaenda 500 hadi 1,000 na ile aina ya fosfeti ya chuma, LFP, inapita 2,000. Mtu anayechaji kila siku ya kazi, chaji 300 ni mwaka na miezi kidogo. Afu anatakiwa anunue betri nne mpya, na hapo ndo anajua kwamba ile laki nane ilikuwa kama kianzio. Kwa hiyo pale dukani, kabla ya kuuliza "mwisho shilingi ngapi", uliza betri mpya ya hii hii mnauza? bei gani? na iko hapa au mpaka kontena lije? Akianza kuzungusha maneno, ondoka. Jumlisha bei ya baiskeli na bei ya betri moja ya akiba, hiyo ndo bei yake, ndo uilinganishe na ya jirani.

Na sio mpya zote ni mpya. Betri ya asidi ikikaa stoo miezi bila kuchajiwa inaharibika imekaa tu, haijawahi hata kuona barabara, na hizi zimetoka kiwandani zikapanda meli zikakaa bandarini zikakaa godauni. Kuna namna ya kuijua. Panda baiskeli hapo hapo, taa za betri zinaonyesha nne zote, mwombe muuzaji akae nyuma kwenye keria, tafuta kimwinuko chochote, vuta eksileta mpaka mwisho huku unaangalia zile taa. Zikibaki nne au zikashuka moja, sawa. Zikianguka ghafla mpaka moja afu ukiachia eksileta zinarudi nne, hiyo betri imeshachoka ndani, ile taa ilikuwa inakudanganya. Nimewafundisha vijana kadhaa hapa mtaani hii kitu na kuna mmoja alikataliwa kabisa kujaribu na mwenye duka, akaambiwa "utachafua tairi". Aliondoka, alifanya vizuri.

Hizo kilomita 60 za kwenye tangazo zinapatikana, sikatai, kwa mtu mwepesi, barabara tambarare, hakuna upepo, mwendo wa taratibu, betri mpya na anasaidia kwa peda. Sasa chukua wewe na begi lako, kutoka Rangi Tatu mpaka Kariakoo ni kama kilomita 13, hupigi peda kwa sababu umenunua ya umeme usichoke, unavuta eksileta na kushika breki kwenye foleni. Baiskeli ya hivyo inakula kama wati-saa 15 kwa kila kilomita, hizi nzito zenye umbo la skuta zinapita 20. Gawanya 576 kwa 15 unapata 38, gawa kwa 20 unapata karibu 29, na kama ni asidi toa tena manake ukiivuta kwa nguvu haikupi yote iliyoandikwa. Ya Kimara na Mbezi na ile miinuko yake hata sigusi. Mi ushauri wangu ni mmoja tu, kilomita za kwenye tangazo zikate nusu, na kama nusu yake inakupeleka na kukurudisha, nunua.

Peda zina maana kuliko watu wanavyodhani. Kuna hizi zimewekwa peda za kuzugia, fupi, zimebanwa na plastiki, betri ikiisha unasukuma chuma cha kilo 45 kwa miguu Kilwa Road jua la saa nane. Jaribu kuipiga peda ikiwa imezimwa kabisa. Na ile isiyo na peda kabisa usishangae trafiki akiihesabu pikipiki, ulizia mapema mambo ya usajili na leseni kabla ya kulipa, usimsikilize muuzaji, yeye hatakuwepo.

Wengine wanakuja na akili ya kununua mota na kit wafunge kwenye Phoenix ya babu. Inawezekana na ni nafuu, nimefunga kadhaa, ila breki zile za vyuma vya kuvuta zilitengenezwa kwa mwendo wa kwenda sokoni, ukizipa kilomita 30 kwa saa na mvua juu hazisimami, lazima ubadilishe. Na ekseli ya mota ina nguvu, inajizungusha kwenye fremu mpaka inakata waya wake yenyewe, lazima iwe na kile kibati cha kuishikilia. Fundi akikwambia hakina umuhimu huyo sio fundi wa kukufungia.

Nyingine ni chaja, hapa naomba msomaji asikie vizuri. Betri ya lithiamu ya kawaida (sio LFP) ya volti 48 ikijaa inaishia volti 54.6, hiyo namba imeandikwa kwenye stika ya chaja yake. Ya volti 36 inaishia 42. Chaja ya asidi ya 48 inapandisha mpaka 58 na zaidi kidogo, na soketi zinaweza kuingiliana! Yani unaazima chaja ya jirani inaingia vizuri kabisa, inawaka taa nyekundu, kumbe unaipeleka lithiamu pasipotakiwa, na kinga ya ndani ya betri ikiwa ya bei chee au imekufa ndo hapo moto unawaka. Jiji la New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta hizi hizi, na mwaka huohuo walipitisha sheria ya kulazimisha betri ziwe zimethibitishwa. Sisi tunakaa chumba na sebule mlango mmoja, na baiskeli tunaichajia wapi? Mlangoni. Usiku kucha. Ihamisheni jamani, ichajiwe mkiwa macho na isikae kwenye njia ya kutokea.

Mvua nayo. Manyunyu haina shida, ila pale Jangwani pakijaa maji watu wanapita na baiskeli yamezidi katikati ya gurudumu, mota imezama yote, wiki ya pili wananiletea inalia kama ina mawe ndani. Na pancha ya gurudumu lenye mota sio ya fundi wa njiani yeyote, nati zake nyingi zinataka spana namba 18 na kuna waya wa kuchomoa kwanza, kwa hiyo spana iwe kwenye begi lako.

Kuhusu hela, ukikosa taslimu heri usubiri au mcheze mchezo wa kupeana na wenzako kuliko kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa kitu ambacho betri yake inaweza kuchoka kabla marejesho hayajaisha. Na risiti ya EFD lazima, iandikwe aina ya betri, volti na ampea-saa, manake gwaranti ya mdomo ya "ukipata shida nipigie" huwa inaisha namba ikishakuwa haipatikani.

Sasa Mhariri, kwenu. Gazeti lenu linabeba matangazo ya hizi baiskeli na ni haki yenu, gazeti linaendeshwa kwa matangazo. Ila hamuwezi kumwambia mteja wenu wa tangazo aandike maneno matatu tu chini ya ile picha, asidi au lithiamu, volti ngapi, ampea-saa ngapi? Ni mstari mmoja. Na TBS, watu wa viwango, kama mnasoma, mnavyobana nyaya na soketi feki basi na hizi betri mziangalie zikiingia.

La mwisho ni ombi langu binafsi, wauzaji mnaosoma hapa, kontrola, yani kile kiboksi kinachoongoza mota, za volti 48 za hizi baiskeli za bei ya chini zinasumbua sana kupatikana, Kariakoo wanatuzungusha duka hadi duka. Kama kuna anayeleta kwa wingi atangaze basi, mafundi tupo na kazi zimesimama.

Wasalaam,
Fundi Baiskeli,
Mbagala, Dar es Salaam