Barua kwa Baba, Ujiji

Baba, shikamoo. Nisalimie Mama, shangazi na wote hapo nyumbani. Mimi mzima, ila baridi ya huku Iceland haina adabu. Chupa ya mawese aliyonifungia Mama imeganda kama sabuni ya mche. Nikitaka kupika naiegemeza kwanza kwenye bomba la ukutani la maji moto (yanatoka ardhini, hapa hawachemshi).

Chupa hiyo ndiyo jibu la swali lako la kwenye simu: mnajuaje joto la chini ya ardhi bila kuchimba? Ukiitikisa ikiwa imeganda, yote inafuata mkono. Ikilegea, mtikiso unapotelea humo humo. Mwamba nao ni hivyo. Ukiwa baridi na mgumu, mawimbi ya tetemeko huupita mbio, pengine kilomita 6 kwa sekunde. Ukiwa wa moto, huchelewa na kufifia. Sisi tunavizia kule kuchelewa, kwa vipima mitetemo tulivyovifukia huku na huko.

Unakumbuka Desemba 5, 2005, saa tisa alasiri, tetemeko la ziwani lilipotutikisa? Ulisema ulisikia kishindo kwanza, ndipo nyumba ikayumba. Hukukosea. Mawimbi ya kwanza husukuma na kuvuta. Ya pili huyumbisha kwa ubavu, na hayo hayapiti kabisa kwenye kitu kilichoyeyuka. Yakikosekana upande mmoja, tunajua kuna jambo kule chini.

Lakini maji na nyufa navyo huchelewesha mawimbi, na hapo ndipo tunapobishana ofisini mpaka chai inapoa. Mwaka 2009, pale Krafla, mlima wa volkano wa huku Iceland, walichimba kisima wakikusudia kuvuka kilomita 4. Kwenye mita 2,100 hivi keekee ikanasa ndani ya mwamba ulioyeyuka, wenye nyuzi 900 hivi za sentigredi. Hakuna aliyeutarajia pale. Mimi naiona ni aibu yenye faida: wamepata joto lililoguswa kwa chuma, la kulinganisha na hesabu zetu za mawimbi.

Wiki ijayo tunakwenda kufukua vipima viwili vilivyozama kwenye theluji, betri zimekufa. Mwambie Mama chupa imefika nusu. Akipata msafiri, safari hii afunge na dagaa.

Mwanao.