Asante, dada wa kwenye benchi

Dada tuliyekaa naye nje ya chumba cha daktari wa watoto, hata jina sikukuuliza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema "mtoto anaumwa", basi. Ukanipa kalamu na kipande cha karatasi: andika homa ilianza lini, umempa dawa gani, kiasi gani, amekojoa mara ngapi. Halafu ukampandisha fulana, ukaniambia nihesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Nikapata 54. Ana miezi 14. Daktari akasema kwa umri huo, kuanzia 40 ni kuhema haraka, akamsikiliza kifua papo hapo. (Na mimi nilidhani mafua tu!) Sasa amepona, anakimbia. Kalamu yako bado ninayo. Asante mno, dada yangu.