Barua kwa wazazi vijana wa Mwanza: gari la waya na meli ya kopo

Wanangu, mwangaluka. Mi mzee wenu wa Igogo, naandika haraka chaji isije ikakata. Juzi mjukuu wangu kaletewa gari la rimoti, linawaka taa linapiga na mziki, siku ya tatu betri kwisha, gari uvunguni, mtoto karudi kwenye simu ya mama yake. Simsemi mtu, hela ni zenu.

Ila sisi gari lilikuwa kazi ya wiki nzima. Waya unautoa kwenye tairi lililochomwa, mikono myeusi tii, magurudumu unachora kwa kopo la Kiwi juu ya ndala iliyoisha halafu unakata na wembe taratibu. Usukani unaupandisha kwa fito ndefu unaendesha umesimama, na kama ukikata kona matairi ya mbele yanageuka kweli basi mtaa mzima unakufuata, la kwangu nililiita Bedford, kama yale malori ya zamani. Kuna siku nilikosa ndala mbovu nikakata za mama, kazinunua jana yake tu. Nilichapwa mpaka jirani akaja kuamua, lakini aisee yale magurudumu yalikuwa mazuri, acha kabisa.

Halafu meli. Pale bandari ya Kusini tulikuwa tunaangalia MV Umoja inavyomeza mabehewa, reli inaingia mpaka ndani ya meli, nasi tunaunda yetu kwa kopo la mafuta lililopasuliwa, mabehewa ni maboksi ya kiberiti yamejazwa mchanga. Inazama unaiopoa, inazama tena, mpaka unashtuka kumbe mzigo unatakiwa ukae katikati, na hakuna mtu mzima aliyekwambia.

Sasa hapa ndo mnisikilize. Sisi tulikuwa tunasimama ziwani maji ya magoti, kwenye majani palipotulia, kumbe humo ndo wanakaa konokono wa kichocho, vijidudu vinatoka kwa konokono vinapenya ngozi wala husikii kitu. Mi nilikuja kuumwa tumbo nikawa naenda choo chenye damu, nyumbani wakajua ni maembe mabichi. Kwa hiyo mtoto muwekeeni beseni la maji ya bomba, meli izamie humo. Na siku ya dawa za kichocho shuleni msimfiche nyumbani eti zinalegeza, mpeni ale ashibe ndo aende akameze.

Wembe mshike nyie. Kupinda waya mwoneshe mara moja halafu ondoka, maana nyie nawajua, mnashika wenyewe mnamalizia wenyewe mnapiga picha mnaweka status, mtoto yuko pembeni anatoa macho. Gari likienda upande upande liache liende, atalinyoosha kesho au hatalinyoosha.

Desemba mkija, waya ninao na kopo la Kiwi bado ninalo. Ndala mje nazo, bibi yenu kanishtukia, zake kaficha.