Mkitangaza wagonjwa, semeni na waliopimwa ni wangapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wakubwa wa afya ombi la sisi tunaoishi vijijini huku Newala.

Ukizuka ugonjwa wa kuambukiza kwa njia ya hewa, redioni tunasomewa idadi ya "waliothibitishwa", yaani wale ambao kipimo cha maabara kimeonyesha kirusi. Lakini wataalamu wana mafungu mengine mawili. Kuna mhisiwa, mwenye homa, kikohozi na dalili nyingine zilizoainishwa. Na kuna yule ambaye hana majibu ya uhakika ya maabara, ila dalili zake, na kwamba amekaa karibu na mgonjwa aliyethibitishwa, vinaelekeza huko huko. Hawa hatusomewi.

Kwetu hilo lina madhara makubwa. Zahanati ya kijiji haina mashine ya kupima kirusi. Sampuli lazima isafirishwe mbali. Kijiji kikiandikiwa sifuri, watu wanaamini ugonjwa haujafika, kumbe hakuna aliyepimwa! Ukiingia wakati mikorosho inapuliziwa salfa ndiyo balaa zaidi, maana kila anayekohoa husema ni salfa tu, kisha huyo anaenda msibani.

Februari 12, 2020, wakati wa korona, mkoa wa Hubei nchini China ulihesabu pia watu waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu. Siku hiyo moja waliongezeka wagonjwa 14,840, na kati yao 13,332 waliingia kwa kigezo hicho kipya. Hawakuugua wote usiku ule. Walikuwa wanaumwa tayari, nje ya hesabu.

Hapa nchini jambo hili si geni. Kwenye kifua kikuu, mtu ambaye makohozi yake hayakuonyesha vimelea anaweza kuanzishiwa dawa kwa uamuzi wa daktari, akaandikwa hivyo, na akahesabiwa. Kwa nini tusifanye vivyo hivyo na magonjwa ya mlipuko?

Naomba kila taarifa ya mkoa itaje mafungu yote matatu, na kwa kila wilaya ionyeshe waliopimwa ni wangapi. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa zahanati na ofisi ya kijiji, ili mtendaji na wazee wajue mapema kama ngoma za unyago zifanyike au zisogezwe.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara