Kuhusu Kart Fighter

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote nyumbani. Ama baada ya salamu, uliniuliza kwa nini ninaithamini Kart Fighter, gemu ya video ya mapigano ambayo wewe umeiita gemu ya wizi, nami nimeona nikujibu kwa kirefu kidogo.

Wizi upo, sikatai. Hummer Team, kundi la watengenezaji gemu wa Taiwan, waliwachukua madereva wanane wa Super Mario Kart, gemu ya Nintendo ya mbio za magari ya mwaka 1992, wakawashusha magarini na kuwapiganisha kwa ngumi na mateke kwa mtindo wa Street Fighter II, bila idhini ya Nintendo wala ya Capcom, wenye Street Fighter. Humo utamkuta Yoshi akichapana na Bowser, jambo lililoonekana kama utovu wa adabu hadi mwaka 1999, Nintendo wenyewe walipowaingiza Mario na Yoshi ulingoni katika gemu yao ya mapigano, Super Smash Bros.

Ninachokisifu mimi ni ufundi. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ambayo Kart Fighter ilitengenezewa, ilitoka Japani mwaka 1983, na chipu yake ya picha haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha zinazotembea katika mstari mmoja wa skrini, kila kipande kikiwa na upana wa nukta 8. Piga hesabu: ni nukta 64 za kugawana watu wawili wanaopigana wakiwa wamekaribiana, na mmoja akinyoosha mguu kurusha teke, kipande cha tisa hakichorwi kabisa, ndiyo maana katika gemu za aina hii kiungo hupotea na kurudi mbele ya macho yako. Isitoshe, Street Fighter II ya mwaka 1991 ilikuwa na vitufe sita vya kupigia, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, ilhali pedi ya Famicom ina A na B tu. Kuyabana yote hayo humo na bado pambano likachezeka si kazi ya mtu mvivu.

Kuhusu leseni, Famicom haikuwa na kufuli la kuzuia kaseti za gemu zisizo na idhini ya Nintendo. NES, yaani Famicom kwa umbo lililouzwa Marekani, ndiyo iliyokuwa nalo, chipu iitwayo 10NES, na kampuni ya Color Dreams, iliyotoa gemu ya Master Chu and the Drunkard Hu huko mwaka 1989 bila leseni, ililazimika kutengeneza kaseti zinazoishtua chipu hiyo kwa umeme mpaka izubae. Mafundi wa Taiwan hawakuwa na haja ya hila hiyo, wala mashine za kuigiza Famicom zilizotufikia Afrika Mashariki.

Ukiikuta kaseti yake sokoni, hesabu pini kabla hujatoa fedha, kwa kuwa za Famicom ni 60 na za NES ni 72, na haziingiliani bila adapta. Bei ikiwa ya haki, ninunulie na mimi moja.

Wako rafiki wa siku zote.